Nani Hajafika Leo?

Jumamosi asubuhi, jua halijapanda juu ya mlima Lupanga, jumuiya imekusanyika sebuleni kwa mwenzao mjini Morogoro. Mkeka umetandikwa, mshumaa unawaka juu ya meza ndogo yenye kitambaa cheupe, Injili ya kesho imesomwa na kutafakariwa. Kabla ya sala ya kufunga, katibu anafungua daftari na kuita familia moja moja. Jina moja haliitikiwi. "Mzee anaumwa mguu tangu Jumanne," anajibu jirani. Mwenyekiti anauliza nani atapita kwake jioni. Mama wawili wanainua mikono.

Mgeni atadhani hayo ni matangazo tu. Mimi nadhani ndipo penye uzito wote.

Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zilitokana na uamuzi wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki kupitia shirikisho lao, AMECEA, katika mikutano ya 1973 na 1976: Kanisa lianzie nyumbani, kwa familia chache zinazofahamiana. Safu ya milima ya Uluguru yenyewe inaeleza kwa nini. Parokia ya milimani ina vigango vilivyotawanyika kwenye miteremko, na masika njia huteleza kama sabuni. Misa hufika kwa zamu. Siku zilizobaki imani iko mikononi mwa katekista na majirani. Walutheri nao wana sala zao za nyumba kwa nyumba, kwa hiyo jambo hili si la dhehebu moja.

Undugu huu wa waumini ni wa zamani kuliko AMECEA. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo 1868, wakaanzisha misheni ya Mhonda 1877 na ya Morogoro 1882. Vijiji vyao vya kwanza vya Kikristo vilikuwa vya watu waliokombolewa utumwani, watu wasio na ukoo karibu. Kwao Mkristo mwenzako ndiye alikuwa ndugu, hakukuwa na mwingine. Kwa Mluguru, mwenyeji wa milima hii, mambo yalikuwa tofauti. Yeye alikuwa na ukoo tayari, wa upande wa mama, wenye ardhi, majina na matambiko, na mjomba ndiye mwenye sauti. Aliyebatizwa hakutoka kwenye upweke kuingia kwenye undugu. Alikuwa na undugu, akaongezewa wa pili.

Na undugu huo wa pili haupimwi kanisani. Hupimwa usiku mtoto anapochemka homa na wajomba wamekaa barazani wakisema twende kwa mganga, hii si homa ya kawaida. Baba aliye peke yake atakataa mara ya kwanza, pengine hata ya pili. Ya tatu atachoka, na sina ujasiri wa kumlaumu. Lakini wakiwepo wanajumuiya, mmoja amekuja na uji, mwingine ameshapata bodaboda ya kwenda hospitali, kukataa kwake hakuonekani tena kama dharau kwa wakubwa. Hakuna aliyehubiri. Ila sasa ana watu nyuma yake, na hata mjomba anawaona.

Ndiyo maana naogopa namna daftari lilelile linavyogeuka. Kuna jumuiya ambako kurasa za mahudhurio ni chache na za michango ni nyingi: mchango wa ujenzi, wa sikukuu, wa kumpokea mgeni. Mwenye deni huanza kukwepa, kwanza sala, halafu majirani wenyewe. Wengine hubaki kwa hofu tu, kwa kuwa ubatizo wa mtoto na ndoa vinataka uthibitisho wa jumuiya, na hakuna anayependa kuzikwa bila wenzake. Mtu wa namna hiyo anahudhuria, lakini siku mjomba akibisha hodi hatamwita mtu. Wanaume ndio hodari zaidi wa kukwepa. Jumuiya nyingi zinabebwa na akina mama, na tumezoea hivyo kana kwamba sala ni kazi ya jikoni.

Makatibu, ombi langu ni dogo. Jina likikosa kuitikiwa Jumamosi mbili mfululizo, nendeni mkabishe hodi. Na daftari la michango liacheni nyumbani siku hiyo.