Mlo wa Kinyonga: Mdudu Hupimwa kwa Kichwa

Mama mmoja wa Nairobi anajiandaa kwenda Marekani kumsaidia bintiye anayekaribia kujifungua. Ametuandikia kwamba kinachomtia wasiwasi si baridi ya huko wala safari ya ndege, bali ni kinyonga. Mjukuu wake wa miaka kumi anamfuga kinyonga wa pembe tatu, na nyanya ameombwa amlishe kwa wiki mbili mjukuu atakapokuwa kambini na wenzake. "Nitamshikaje mdudu aliye hai, na nimpe wa ukubwa gani?" anauliza.

Kwanza aondoe hofu. Kinyonga hana sumu, ingawa wengi wetu tulilelewa tukiambiwa vingine. Tena huyo wa pembe tatu ni mwenyeji wa nyanda zetu za juu. Mwaka 1972 baadhi yao walipelekwa Hawaii, wakaponyoka na kuzaana huko. Humu nchini, kumfuga bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa la jinai.

Chakula chake kikuu kifungoni ni nyenje, ambao huko huuzwa madukani wakiwa hai. Kipimo ni rahisi: urefu wa mdudu usizidi upana wa kichwa cha kinyonga, kutoka jicho moja hadi la pili. Kinyonga hajui kukadiria. Hurusha ulimi kwa chochote kinachotembea, na mdudu mkubwa mno huweza kumkaba koo au kumziba matumbo. Aliye mdogo mno naye hupuuzwa, akajificha kwenye majani. Mkubwa hulishwa wadudu wachache kila baada ya siku moja. Mchanga hulishwa kila siku, tena vijinzi vile vya ndizi zilizoiva.

Kuwashika nyenje hakuhitaji ushujaa. Weka kipande cha trei ya mayai ndani ya chombo chao nao watajificha humo. Kisha ukikung'ute juu ya kikombe kirefu chenye kuta laini. Kikombe hicho huning'inizwa ndani ya kizimba, mahali ambapo kinyonga anaweza kuona ndani. Watakaobaki waondolewe kabla ya usiku, kwa maana nyenje mwenye njaa humtafuna kinyonga aliyelala.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba mdudu mwenye njaa ni ganda tupu. Walishwe sukuma wiki na karoti kwa siku moja au mbili kabla ya kuliwa. Hata hivyo nyenje wana upungufu wa kalsiamu, kwa hiyo hunyunyiziwa unga wake kidogo, kwa kiasi alichoagiza daktari wa wanyama. Pasipo kalsiamu, na pasipo taa maalumu inayotoa miale kama ya jua, mifupa ya kinyonga hulainika, miguu hupinda, na hata ulimi hushindwa kuruka. Jua la dirishani halitoshi kwa sababu kioo huizuia miale hiyo.

Wadudu wa bustanini wasiokotwe, maana huenda wamepuliziwa dawa. Kimulimuli asipewe kabisa. Ana sumu inayoweza kumuua mjusi au kinyonga.

Sasa tuje kwa binadamu, na hapa ndipo tungependa nyanya atusikilize zaidi. Kinyonga anayeonekana mzima kabisa huweza kubeba viini vya salmonela katika kinyesi chake, vikasambaa kwenye ngozi, kizimba na vyombo. Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito na wazee. Kwa mtoto mchanga viini hivyo huweza kuingia katika damu, hata kufika kwenye utando wa ubongo.

Kwa hiyo binti asimguse kinyonga wala kusafisha kizimba chake. Nyanya anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kila amalizapo kulisha, kabla ya kumbeba mtoto. Kikombe cha nyenje kisioshwe kwenye sinki la jikoni, sembuse pale zinapooshwa chupa za maziwa. Na mtoto akishikwa na homa au kuhara, apelekwe hospitali mara moja na daktari aambiwe kwamba nyumbani kuna kinyonga, kwani huenda asifikirie kuuliza.