Kusoma kwa Mbali na Mtoto wa Kionga

Shule za Msumbiji zilipofungwa tarehe 23 Machi 2020 kwa ajili ya korona, masomo yalihamia kwenye televisheni ya taifa kwa kipindi cha Telescola, na kwenye karatasi za mazoezi zilizopigwa fotokopi. Lawama zote ziliangukia umeme na intaneti. Zilikuwa lawama za haki: UNICEF ilikadiria mwaka huo kuwa watoto wasiopungua milioni 463 duniani hawakuweza kabisa kuyafikia masomo ya mbali. Ila kwa kijiji kama Kionga, wilayani Palma, mkoani Cabo Delgado, naona hasara kubwa zaidi haikuwa ya mtandao. Mtoto wa huko, nyumbani huongea Kiswahili, Kimwani au Kimakwe. Kireno cha vitabuni hukikuta shuleni. Asipoelewa sentensi, mwalimu huliona hilo usoni pake, akairudia kwa ishara ya mkono, au jirani yake wa dawati akamnong'oneza maana kwa lugha ya nyumbani. Runinga haisubiri mtu. Urafiki wa dawatini, basi, si burudani ya pembeni. Alama za mtihani hupitia humo humo.

Atatokea wa kusema kwamba hiyo ni shida ya umaskini tu, mtandao ukifika itakwisha. Lakini Uholanzi ina intaneti karibu kila nyumba, na katika wimbi la kwanza la korona shule zake zilifungwa wiki 8 tu. Hata hivyo watafiti Engzell, Frey na Verhagen walipolinganisha mitihani ya kabla na baada, waligundua kuwa wanafunzi walirudi nyuma kwa kiasi kinacholingana na moja ya tano ya mwaka wa masomo, na watoto wa wazazi wenye elimu ndogo waliumia zaidi. Kwa upande wa afya ya akili, Maria Loades na wenzake, waliopitia tafiti 63 mwaka 2020, walihusisha upweke wa watoto na vijana na sonona, na muda wa upweke ulionekana kuwa na uzito zaidi kuliko ukali wake. Sisi wa pwani tuna kawaida ya kuiita sonona hiyo uvivu.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la vita vya Cabo Delgado. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, familia zilitawanyika, nyingine hadi Pemba, na kwa mtoto aliyekimbia simu ya mzazi huweza kuwa uzi pekee unaomfunga na wenzake. Nakubali, tena kwa moyo mmoja. Lakini uzi huo hushika kwa sababu watoto walishajuana ana kwa ana. Haujengi darasa la watu wasiojuana. Kwa hiyo wakuu wa elimu wa Cabo Delgado, kabla ya kununua vishikwambi, wamtafute kwanza mwalimu wa darasa, wampe orodha ya wanafunzi wake na vocha ya kuwapigia.