Nakala ya Babu

Pwani, binti wa ami hana haja ya kuulizwa habari zake. Wazee wanamjua tangu anatambaa, mahari haileti mvutano, na minazi inabaki kwenye ukoo. Siidharau hekima hiyo. Ila hesabu ya damu inaanzia nyuma ya wachumba, kwa babu.

Kila mtu ana nakala mbili za karibu kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Mojawapo ya jeni nyingi za usikivu ni GJB2. Hiyo hutengeneza protini iitwayo koneksini 26, inayojenga vijia vya kupitishia potasiamu kati ya seli za koklea, kile kiungo cha sikio la ndani kilichojiviringa kama konokono. Vijia vikiharibika, sauti huingia sikioni ikaishia humo. Lakini nakala moja nzima yatosha. Babu mwenye moja mbovu anaisikia adhana mpaka uzeeni, na hakuna anayeshuku kitu.

Mtoto wake huirithi nusu kwa nusu, mjukuu, robo. Wajukuu wake wawili, watoto wa ndugu wawili, wakioana, uwezekano wa wote kuwa nayo ni 1 kati ya 16. Wakiwa nayo, kila mimba ina robo ya kuleta mtoto kiziwi. Kila mimba: watatu wanaosikia hawamkingi wa nne. Ndoa nyingi za binamu, basi, huzaa wanaosikia, na mama mwenye mtoto kiziwi ataambiwa amerogwa.

Wala si lazima wawe binamu. Adamorobe, kijiji cha Ghana, watu wameoana humo humo vizazi kwa vizazi, na viziwi ni wengi hata kijiji kikajitungia lugha yake ya alama. Katika miaka ya 1970 chifu alikataza kiziwi kuoa kiziwi. Mwaka 1998 watafiti waliripoti kosa moja la GJB2 kwa viziwi wa hapo. Kwa viziwi wawili wa kosa hilo, kweli, watoto wote wangekuwa viziwi. Ila nakala mbovu nyingi zilibebwa na wanaosikia, ambao katazo halikuwagusa.

Basi mtoto akishazaliwa, kilichobaki ni kumpima. Nyumbani tunampima kwa kugonga sufuria nyuma yake. Anageuka, tunashangilia, kumbe ameuhisi mtetemo sakafuni. Hospitalini huingizwa kizibo kidogo chenye maikrofoni sikioni, kikatoa sauti ndogo ndogo. Koklea nzima huzijibu kwa mwangwi wake yenyewe, hata mtoto akiwa usingizini.