Je, Wajua? Mpingo Ndani ya Klarineti

Ukiwa Kisawasawa, chini ya milima ya Udzungwa, mpingo ni mti wa vinyago. Ng'ambo, mti huohuo ndio unaochongwa kuwa klarineti, ala ya muziki ya kupuliza. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na ugumu wake humwezesha fundi kutoboa mwanzi laini, usiovuja hewa wala kuvimba ovyo kwa unyevu wa pumzi.

Lakini sauti yenyewe hutoka kwenye hewa iliyomo ndani. Mwanzi wa klarineti una upana karibu uleule mwanzo hadi mwisho, na upande wa mdomo umezibwa na tete. Hivyo noti za chini hupata mlio mzito, wenye uwazi kama wa mtungi. Zumari yetu hupasua ngoma nzima ikasikika peke yake. Klarineti hujua kujificha: ikipigwa polepole pamoja na fidla, sikio hushindwa kuzitenganisha.

Mtunzi wa muziki Mozart aliliona hilo. Katika konseto yake ya klarineti ya 1791 aliziacha kabisa oboe, ndugu wa zumari wenye sauti kali, akabakiza filimbi, fagoti, baragumu na fidla.