Korona ilivyovuruga mizani ya maoni ya watazamaji wa sinema

KWA zaidi ya miaka 40 sasa, Hollywood imekuwa na njia moja nyepesi ya kujua kama filamu mpya imewapendeza watu. Mtazamaji hukutwa kwenye jumba la sinema usiku wa kwanza wa maonyesho, hupewa kadi ndogo ya karatasi, naye huijaza kabla hajakwenda zake nyumbani.

Kazi hiyo hufanywa na CinemaScore, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1979 na yenye makao yake Las Vegas. Kadi zikishakusanywa, filamu hupewa alama kama za mwanafunzi, kuanzia A+ hadi F. Wakuu wa studio huzisubiri kwa hamu, kwa kuwa alama nzuri ni dalili kwamba watu watakwenda kuisifu filamu kwa majirani na kazini.

Machi 2020 majumba hayo yalifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Covid-19. Filamu mpya hazikukoma, ila baadhi yake zilihamia sebuleni. Hapo ndipo lilipozuka swali ambalo wenye fedha zao hawakuwa na jibu lake: je, mtu aliyejilaza kwenye kochi, simu mkononi na watoto wakipiga kelele, hutoa hukumu ileile ambayo angeitoa akiwa amekaa gizani mbele ya pazia kubwa?

Filamu ya kwanza kubwa kulijaribu jambo hilo ilikuwa katuni ya Trolls World Tour, ambayo kampuni ya Universal iliitoa Aprili 10, 2020 kwa kukodishwa nyumbani kwa karibu dola 20. Mzazi mwenye watoto watatu aliiona bei hiyo kuwa nafuu, kwani tiketi za familia nzima pamoja na bisi na soda zingemgharimu zaidi. Kwa kijana aishiye peke yake, fedha hizo zilikuwa nyingi mno. Filamu ni ileile, lakini hesabu ya mfukoni ilikuwa tofauti.

Universal ilifurahishwa na mapato hayo kiasi cha kutangaza kwamba ingeendelea kutumia njia zote mbili. AMC, kampuni kubwa ya majumba ya sinema, ilijibu mwishoni mwa Aprili kwa kutishia kuzisusia filamu zake zote. Julai 2020 pande hizo zilipatana: filamu za Universal zingeweza kukodishwa nyumbani baada ya siku 17 tu, badala ya miezi miwili na zaidi iliyozoeleka.

Septemba mwaka huohuo Disney iliitoa Mulan kwa takriban dola 30, juu ya ada ya kila mwezi ya huduma yake ya Disney+. Watazamaji wengi walikuja juu. Walilalamikia kukosekana kwa nyimbo na yule joka mdogo wa katuni ya mwaka 1998, lakini walilalamikia pia bei, na mara nyingi ilikuwa vigumu kujua hasira ya filamu inaishia wapi na ya pochi inaanzia wapi. Siku ya Krismasi, Disney+ ilionyesha Soul bila malipo ya ziada, nayo ikapokewa kwa mapenzi makubwa. Ni haki kusema kwamba Soul ni kazi bora zaidi, na ilitwaa Oscar mbili mwaka 2021. Hata hivyo, si rahisi kukipokea kwa kinyongo kitu ambacho umeshakilipia.

Kwa waliothubutu kwenda sinema, mizani ilipinda upande mwingine. Tenet ya Christopher Nolan, iliyogharimu takriban dola milioni 200, ilifunguliwa Marekani Septemba 3, 2020 wakati majumba ya New York na Los Angeles yangali yamefungwa. Aliyekwenda kuitazama alikuwa ama shabiki sugu wa Nolan, ama mtu asiyeuogopa ugonjwa. Hata kundi hilo halikuiridhia sana, kwani CinemaScore ilitoa alama ya B, na lalamiko lililorudiwa kila mahali lilikuwa kwamba maneno ya waigizaji yanamezwa na muziki na milio. Ilipofika majumbani, dawa ilikuwa rahisi: kuweka maandishi chini ya picha, kurudisha nyuma na kutazama tena. Filamu iliyotungwa ili itazamwe kwa mshangao ikageuka kuwa fumbo la kufumbua polepole.

Lakini hakuna filamu iliyoonja kupanda na kushuka kwa maoni kama Wonder Woman 1984. Ilitoka nchini humo Desemba 25, 2020 katika sinema na katika huduma ya HBO Max kwa siku moja. Wahakiki walioiona mapema waliisifu. Baada ya umma kuitazama, sifa zikapukutika, na kila kasoro ya hadithi ikajadiliwa na watu waliokuwa wamefungiwa ndani bila shughuli nyingine. CinemaScore iliipa B+, ilhali ile ya kwanza ya mwaka 2017 ilipata A. Siku mbili tu baada ya kutoka, studio ya Warner Bros. ilitangaza kwamba ya tatu itatengenezwa. Desemba 2022 vyombo vya habari viliripoti kwamba mpango huo umewekwa kando.

Vipimo vyenyewe navyo vilikuwa na matatizo. Tovuti ya Rotten Tomatoes ilikuwa imeanza Mei 2019 kutenganisha maoni ya watazamaji waliothibitika kununua tiketi, ili kuwazuia wanaoiponda filamu bila kuiona. Hatua ilikuwa ya busara, lakini filamu isiyo na tiketi ingethibitishwa vipi? Netflix kwa upande wake ilikuwa imeamua kwamba yeyote aliyetazama dakika mbili amechagua kutazama. Ndiyo maana iliweza kutangaza kwamba Extraction, ya Aprili 2020, ilitazamwa na kaya milioni 99 katika wiki nne. Aliyeifungua kisha akaenda kugeuza wali jikoni alihesabiwa sawa na aliyeimaliza.

Mtazamaji wa Nairobi au Dar es Salaam alikuwa pembeni kabisa mwa hesabu nyingi za namna hii. Netflix ilikuwapo tangu Januari 2016, lakini Disney+ na HBO Max hazikuwa zikitolewa Kenya wala Tanzania. Nakala safi za filamu zilizoibwa zilienea duniani muda mfupi baada ya kutoka, na maoni ya waliotazama kwa njia hiyo, mazuri au mabaya, hayakuandikwa popote.

Kosa lingine lilikuwa kudhani kwamba sifa huleta wateja. Juni 2021 In the Heights ilipata A kutoka CinemaScore, lakini ikaingiza dola milioni 11.5 tu mwishoni mwa wiki ya kwanza. Walioiona waliipenda, tatizo ni kwamba ilikuwa pia HBO Max. Dune ilifuata njia hiyohiyo Oktoba 2021, baada ya mwongozaji wake Denis Villeneuve kuupinga hadharani mpango huo wa Warner Bros. Safari hii watu walihisi kwamba majangwa yale hayatoshi kwenye runinga. Mapato ya kwanza yalifika dola milioni 41, na ndani ya siku chache sehemu ya pili ikaidhinishwa.

Mwezi uliofuata Encanto ilianzia sinema, ikafanya biashara ya wastani na kuonekana imepita. Siku 30 baadaye, Desemba 24, iliingia Disney+. Watoto waliitazama asubuhi, wakairudia jioni, wakazishika nyimbo zake zote, na wazazi wakazishika bila kupenda. Februari 2022 wimbo wa filamu hiyo kuhusu mjomba Bruno ulifika kileleni mwa orodha ya Billboard. Hakuna kadi ya usiku wa kwanza ambayo ingebashiri hilo.

Netflix nayo iliachana na kipimo chake cha dakika mbili Novemba 2021, ikaanza kutangaza jumla ya saa zilizotazamwa. Kipimo hicho kilizipendelea filamu ndefu, na Juni 2023 kikabadilishwa tena: saa hizo sasa hugawanywa kwa urefu wa filamu.