Kipeperushi na Lugha ya Mteja: Mfano wa Malindi

Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, kizuri kisichojulikana kilipo hakina mnunuzi. Ndiyo sababu mfanyabiashara mdogo huchapisha vipeperushi.

Mjini Malindi, ambako Waitaliano wamejenga makao tangu kituo cha anga cha San Marco kianzishwe Ngomeni katika miaka ya 1960, kipeperushi huweza kumwendea msomaji wa Kiitaliano, wa Kiingereza au wa Kiswahili. Kosa hutokea matini yanapotungwa kwa ajili ya mgeni, kisha yakatafsiriwa neno kwa neno kwa ajili ya mwenyeji. Tuchukue mfano wa mwenye mkahawa anayesifu "prezzi incredibili". Akiandika "bei za ajabu", mwenyeji atashuku ughali na kupita njia. "Bei nafuu" ingemwingiza ndani.

Kwa hivyo, kila lugha itungiwe matini yake: kinachouzwa, mahali, bei na nambari ya simu. Kabla ya kupiga chapa nakala 1,000, moja isomwe na mtu asiyeijua biashara hiyo. Kosa la nakala moja husahihishwa kwa kalamu. La nakala 1,000 hugharimiwa. Hapo ndipo mwanafunzi wa Kiswahili, awe Kilifi au kwingineko, anapohitajika.