Udugu wa Damu Ulioapiwa Dagoretti

Ukipanda basi katikati ya mji wa Nairobi na kushika njia ya magharibi, utafika Westlands, kisha Kangemi na Uthiru, hata uingie Kikuyu. Kuanzia Westlands barabara hiyo yaitwa Waiyaki Way. Makarani waendao kazini na wakulima wapelekao mboga sokoni huipita kila siku, lakini si wengi wazijuao habari za mzee huyo, wala za mapatano aliyoyafanya na mgeni mmoja mwaka 1890.

Siku zile mji wa Nairobi haukuwapo. Palipo na majumba marefu leo palikuwa na tope na majani, na Wamasai walinywesha ng'ombe wao hapo katika maji baridi, ambayo ndiyo maana ya jina lenyewe. Lakini katika miinuko ya Dagoretti na Kabete, Wagikuyu walikuwa na mashamba mema ya viazi, maharagwe, mtama na ndizi. Misafara iliyotoka Mombasa kwenda Uganda ilitua huko kununua chakula, kwa kuwa mbele yake, katika nchi ya wafugaji, hapakuwa na mashamba. Aliyepata urafiki wa Wagikuyu alikuwa amepata ghala ya safari yake.

Mwezi wa Oktoba 1890 alifika Kapteni Frederick Lugard, mtumishi wa ile Kampuni ya Kiingereza iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Alipokewa na Waiyaki wa Hinga. Waiyaki hakuwa mfalme, maana Wagikuyu hawakuwa na mfalme. Alikuwa msemaji wa watu wake, mwenye mali na sifa ya vita. Wawili hao wakachanjiana damu, wakawa ndugu. Lugard akaruhusiwa kujenga boma Dagoretti, na mapatano yakaandikwa.

Hapa ndipo ilipo siri ya jambo hili. Kwa Waiyaki, kuchanjiana kulikuwa kiapo kizito: ndugu hamdhuru ndugu, wala hamnyang'anyi. Kwa Kampuni, karatasi ile ilikuwa hati ya kuingia nchi. Kitendo kilikuwa kimoja, lakini maana zake zilikuwa mbili.

Siku ya kwanza ya Novemba Lugard akaendelea na safari yake ya Uganda, akamwacha Bwana George Wilson alinde boma. Aliyekula kiapo akawa hayupo, na wapagazi wa misafara iliyopita hawakukijua kiapo hicho. Wakavuna mashamba ya watu bila kulipa na kuwaudhi wenyeji. Wagikuyu wakawaua baadhi yao, wakalizingira boma. Mwaka 1891 Wilson akarudi Machakos, na boma likateketezwa kwa moto. Lugard mwenyewe, katika kitabu alichokitoa mwaka 1893, aliandika kwamba chanzo kikubwa cha uadui huo kilikuwa utovu wa adabu wa watu wa misafara.

Mwaka 1891 huo huo Kampuni ikajenga boma jingine Kabete, lililoitwa Fort Smith. Mwezi wa Agosti 1892 Waiyaki aliingia humo, yakatokea maneno makali baina yake na Bwana Purkiss, mkuu wa boma. Wakashikana, Waiyaki akajeruhiwa kichwani, akafungwa minyororo, akapelekwa kuelekea pwani. Hakufika. Aliaga dunia Kibwezi, akazikwa mbali na kwao. Maandishi ya Wazungu yasema alikufa kwa jeraha lile. Wazee wa Kigikuyu wamesimulia kwamba alizikwa angali hai.

Tulinganishe na mapatano mengine. Mwaka 1386, huko Windsor, Richard wa Pili wa Uingereza na João wa Kwanza wa Ureno walifanya urafiki wa kusaidiana. Mwaka uliofuata João akamwoa Philippa, binti wa baba mdogo wa Richard, na hivyo damu ikaingia katika mapatano hayo pia. Mapatano hayo yaliwafunga wafalme wale pamoja na warithi wao. Yalipita mashaka mengi, lakini mwaka 1943, katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza waliutaja urafiki huo wa kale wakapewa nafasi katika visiwa vya Azores.

Kwa nini mmoja uliishi karne nyingi, na mwingine haukumaliza hata mwaka? Si kwa sababu wino una nguvu kuliko damu. Wale wafalme wawili walielewana neno moja kwa maana moja, kila upande ulihitaji msaada wa mwenziwe, na warithi wao walijua wamefungwa. Dagoretti, kiapo kilikaa katika kifua cha mtu mmoja, naye akaondoka nacho.

Basi wewe ukodishaye shamba, au utiaye sahihi hati ofisini, uliza kwanza: je, mwenzangu ameelewa kama nilivyoelewa mimi? Na atakayekuja baada yake ataishika ahadi hii? Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni la Dagoretti halikulipwa, na aliyeliweka ahadi yake kwa moyo mweupe amelala Kibwezi.